Anayesoma Mizani

Majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu yakitoka, kijana wa Kitaji, mjini Musoma mkoani Mara, huulizwa na kila anayekutana naye: unakwenda kusomea nini? Akijibu udaktari, ualimu au uhandisi, muulizaji huridhika, maana kazi hizo anazijua na wanaozifanya anawaona. Akijibu kwamba anakwenda kusoma shahada ya kwanza ya biashara ya kimataifa, fedha na uchumi, hufuata swali la pili, nalo ndilo zito: "Sasa ukimaliza utakuwa nani?"

Wazee wanaouliza hivyo hawana nia ya kumkatisha tamaa. Wanataka kujua kama mwana wao ameshika njia inayofika mahali. Lakini swali lao ni kubwa kuliko wanavyodhani. Haliishii kwenye cheo. Linauliza masomo haya yana maana gani katika maisha ya mtu, na katika maisha ya watu waliomsomesha.

Jibu la haraka lipo, na vijana wengi wamelikariri: nitaajiriwa benki, au mamlaka ya mapato, au forodha pale mpakani Sirari, au kampuni ya kusafirisha mizigo. Wala hakuna aibu katika jibu hilo. Mtoto ambaye ada yake imetokana na ng'ombe aliyeuzwa, michango ya shangazi na wajomba, na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hana sababu ya kuomba radhi kwa kutaka mshahara. Anayewabeza vijana kwa kufikiria ajira mara nyingi ni mtu ambaye tayari anayo.

Hata hivyo, ajira inajibu swali jingine. Inajibu utakula nini, wakati wazee wameuliza utakuwa nani. Tena ajira yenyewe haina uhakika. Tunawajua wahitimu walioandika barua za maombi mpaka wakachoka, wakanunua bodaboda au wakafungua kibanda cha miamala ya simu. Kama maana yote ya shahada iliwekwa kwenye ajira, basi hao, pamoja na kukosa kazi, wamepoteza miaka mitatu ya akili zao. Ni maana dhaifu mno ile inayoweza kufutwa na barua moja ya kukataliwa. Lazima iwepo nyingine inayobaki hata barua hiyo ikifika.

Naamini ipo, na kwa mtu wa Musoma, Bunda au Butiama iko karibu sana. Kinachotuficha tusiione ni neno "kimataifa". Tukilisikia tunafikiria majengo ya vioo, suti na ndege, kana kwamba mwanafunzi anaondoka mahali ambapo biashara hiyo haipo na kwenda kuitafuta Mwanza au Dar es Salaam. Ukweli ni kwamba amelelewa ndani yake tangu utotoni.

Tazama ziwa. Sangara si samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960. Tangu biashara ya minofu iliposhamiri katika miaka ya 1990, samaki anayevuliwa na mtu wa Musoma hupita kwa wakala mwenye barafu, akafika kiwandani, akatolewa minofu, na minofu hiyo ikaliwa Ulaya. Mabondo yake husafirishwa hadi China, na kilo moja ya mabondo makavu hushinda bei ya nyama yake mara nyingi. Kinachobaki, yaani kichwa na mifupa tunayoiita mapanki, ndicho hukaangwa na kuliwa na wenyeji. Samaki mmoja amegawanywa kwa mabara matatu, na kila kipande kina bei yake iliyopangwa mahali tofauti.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumiwa na baadhi ya wavuvi. Uamuzi ulifanywa Brussels, kipato kikakatika kwenye mialo yetu. Mwaka 2020, korona ilipofunga anga na hoteli za Ulaya, jambo hilo likajirudia kwa sababu nyingine: mvuvi ambaye hajawahi kupanda ndege alikosa soko kwa sababu ndege haikuruka. Dagaa nao wana safari zao za kwenda Kenya na Congo. Mama anayeanika dagaa kwenye mwalo wa Mwigobero, Musoma, anajua, bila kuambiwa na profesa, kwamba shilingi ya Kenya ikipanda wanunuzi wanaongezeka.

Kwa hiyo kijana anayefungua daftari la kwanza la biashara ya kimataifa anaanza kuelezwa habari zake mwenyewe. Ada yake imetoka humo, na hata sare zake za shule ya msingi zilitoka humo. Tofauti ni kwamba mpaka sasa alikuwa upande wa wanaopimwa. Chuo kinamwahidi kwamba ataweza kusoma kipimo.

Maneno hayo nayachukua jinsi yalivyo, kwa sababu Mara ina historia yake ya kipimo. Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 huko Ikizu, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Bunda. Alikulia zama ambazo zao la fedha la kanda ya ziwa lilikuwa pamba. Mkulima alibeba mzigo wake mpaka kwa mnunuzi, mzigo ukawekwa kwenye mizani, mnunuzi akataja uzito, mkulima akapokea fedha na kuondoka. Wengi hawakuweza kusoma mizani ile. Walichojua ni kwamba mzigo ulioelemea bega kwa saa nyingi ulikuwa mwepesi ghafla ulipofika kwa mnunuzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wa kupima pamba upya na kusema uzito wa kweli. Huo ndio ulikuwa mwanzo. Kutokana na wapimaji wale vilizaliwa vyama, na mwaka 1955 vyama vikaungana katika shirikisho la ushirika la Victoria, ambalo Bomani alikuwa kiongozi wake na ambalo lilikuja kuhesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika, lenye viwanda vyake vya kuchambulia pamba. Bomani alikwenda kusoma mambo ya ushirika Loughborough, Uingereza. Mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Ukiitazama njia hiyo kwa macho ya mwanafunzi wa leo, utaona masomo yote ya shahada yako humo: uhasibu, soko, bei ya dunia, mtaji, sheria ya mikataba. Lakini yameanza na swali dogo la mtu aliyesimama mbele ya mizani: je, uzito huu ni kweli? Bila swali hilo, masomo yale ni rundo la istilahi. Nalo swali hilo halikutoka chuoni. Lilitoka kwenye bega lililobeba mzigo.

Sasa tuseme chuo kinatoa nini, maana si haki kukidharau. Katika mwaka wa kwanza au wa pili mwanafunzi hukutana na David Ricardo, dalali wa hisa wa London aliyechapisha kitabu chake kikuu cha uchumi mwaka 1817. Mfano wake ni mfupi. Ureno huhitaji kazi ya watu 80 kwa mwaka kutengeneza kiasi fulani cha mvinyo, na watu 90 kutengeneza kiasi fulani cha nguo. Uingereza, kwa kiasi kilekile, huhitaji watu 120 kwa mvinyo na 100 kwa nguo. Ureno ni hodari zaidi katika yote mawili. Hata hivyo, anasema Ricardo, itafaidika ikitengeneza mvinyo na kununua nguo Uingereza, kwa kuwa kazi ya watu 80 itailetea nguo ambazo ingezitengeneza kwa watu 90. Uingereza nayo, kwa nguo za watu 100, inapata mvinyo ambao ungeidai watu 120. Hakuna aliyeibiwa, na wote wamepata.

Mtu akiuelewa mfano huo kwa mara ya kwanza, jambo hufunguka kichwani. Alidhani biashara ni vita ambamo faida ya mmoja ni hasara ya mwingine, na sasa anaona kwa hesabu tupu kwamba si lazima iwe hivyo. Furaha hiyo ya kuelewa ni sehemu ya maana tunayoitafuta, wala haihitaji mwajiri kuithibitisha. Kuna watu wanasoma miaka mitatu bila kuionja hata siku moja, kwa sababu walikuwa wakikimbizana na mitihani na hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Hao ndio wa kuonewa huruma kuliko aliyekosa kazi.

Lakini mwanafunzi wa Kitaji ana wajibu wa kuuliza swali la pili. Bunda wanalima pamba. Nguo tunazovaa nyingi zinatoka China na India, na nyingine ni mitumba. Serikali ilijenga kiwanda cha nguo cha MUTEX mjini Musoma ili pamba ya kanda hii ifumwe hukuhuku, na kiwanda hicho kikaja kusimama. Ricardo angeweza kutwambia tusisikitike, tuuze pamba tununue nguo. Je, wale watu 90 wa Ureno waliokuwa wakifuma, walikwenda wapi siku walipoacha kufuma? Hesabu inawahamishia kwenye mizabibu bila kupoteza hata siku moja, lakini binadamu hahami hivyo. Aliyekuwa fundi mitambo wa kiwanda hawezi kuamka kesho akiwa mkulima, na ujuzi wa mikono yake haurudi ukishapotea. Tena Ricardo alidhani mtaji hukaa nyumbani kwa mwenyewe na bidhaa ndizo zinazosafiri. Nenda Nyamongo, Tarime, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, uone mtaji uliotoka Canada umekaa juu ya kilima chetu.

Simkosoi Ricardo ili tumtupe. Hesabu yake ni sahihi kwa masharti aliyoyaweka. Hapo ndipo elimu inapoanza: kujua hesabu, na kujua masharti yake. Anayejua masharti bila hesabu ni mlalamikaji wa kijiweni. Anayejua hesabu bila masharti ni hatari zaidi, maana atavaa suti, na watu watamwamini.

Nimetaja mgodi, basi nilitaje na lile sakata kubwa. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wa madini, kusafirishwa nje. Zikaundwa kamati mbili, moja chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, nyingine chini ya Profesa Nehemiah Osoro. Julai mwaka huohuo kampuni ya Acacia, iliyomiliki Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, ikadaiwa kodi, riba na adhabu za dola za Marekani bilioni 190. Kampuni ilikana. Mwaka 2019 yakafikiwa makubaliano na Barrick ya Canada, iliyokuwa mwenye hisa mkuu wa Acacia: malipo ya dola milioni 300, na kampuni ya Twiga ambamo serikali ina hisa asilimia 16.

Kati ya dola bilioni 190 na dola milioni 300 pengo ni zaidi ya mara 600. Huo si ubishi wa kawaida wa muuzaji na mnunuzi. Ni watu wawili waliosimama mbele ya mzigo mmoja, kila mmoja akisoma mizani yake. Na waliosoma kwa pande zote mbili walikuwa watu wenye shahada: wanauchumi, wahasibu, wanasheria, wengine huenda walitumia vitabu vilevile. Mwananchi anayeishi kando ya mgodi alisikiliza namba zile redioni, asiweze kusema ipi ya kweli. Alikuwa pale alipokuwa babu yake mwaka 1950, mbele ya mzigo wa pamba.

Hapa tafakuri inakuwa chungu. Tulisema chuo hukufundisha kusoma mizani. Lakini hata karani wa mnunuzi wa pamba aliyekuwa akipunja wakulima alijua kuisoma, tena vizuri kuliko wote. Asingejua, asingeweza kupunja. Ujuzi wa fedha hauna upande. Unaweza kuficha faida ya kampuni katika nchi yenye kodi ndogo kwa maarifa yaleyale yanayotumika kuifichua. Kwa hiyo wanaosema elimu yenyewe inatosha kumpa mtu maana hawajamtazama karani yule.

Basi tuseme maana iko katika kuchagua upande wa watu wako? Jibu hilo linavutia, na ni nusu ya kweli. Nusu ya pili inatoka katika historia ileile ya ushirika. Miaka michache baada ya uhuru, vyama vilivyozaliwa ili kumlinda mkulima dhidi ya mizani ya mgeni vilianza kulalamikiwa na mkulima yuleyule. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuvichunguza, ikakuta ubadhirifu na uendeshaji mbovu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mizani ilikuwa imebadilisha mikono, mwenye kuisoma sasa alikuwa ndugu wa mkulima, anayesema lugha yake na kusali naye, lakini mzigo uliendelea kuwa mwepesi ukifika.

Kwa hiyo upande haupimwi kwa kabila, wala kwa uraia, wala kwa hotuba. Mtu mwadilifu mbele ya mizani anatambulika kwa jambo moja: anaiacha wazi. Anaigeuza ili mwenye mzigo aione, anamweleza mistari ile inahesabiwaje, na hana hofu mwenye mzigo akipima tena kwingine. Mwizi, awe mgeni au ndugu, hupenda mizani isomwe na mtu mmoja. Ukiingia katika taaluma ya fedha, utaona wapo wanaotumia istilahi ngumu ili kusaidia watu kuelewa, na wapo wanaozitumia ili watu wasiulize. Tofauti ya makundi hayo mawili ni kubwa kuliko tofauti ya aliyepata daraja la kwanza na aliyepata daraja la pili.

Kuna hatari nyingine, nayo haitoki nje. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na shahada ya fedha ni daftari hilo lililopanuliwa. Lakini daftari lina tabia ya kutaka kuandika kila kitu. Mwanafunzi akishajifunza kwamba kila uamuzi una gharama ya kile ulichokiacha, anaanza kuhesabu: saa ya kumtembelea bibi ni saa iliyokosa kuzalisha; rafiki ni koneksheni; ndoa ni ubia; yeye mwenyewe ni rasilimali inayopaswa kurudisha faida. Mkopo nao unamsukuma kufikiri hivyo, kwa kuwa akiajiriwa asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Ni haki deni lilipwe. Ila mtu anayeanza kujiona kama deni linalotembea amepoteza kitu ambacho hakuna benki itakayomrudishia.

Hesabu za pato la taifa zinamwona mama anayeuza dagaa sokoni. Hazimwoni alfajiri anapowaandalia uji watoto, wala usiku anapomuuguza mkwe wake. Kazi hiyo haina ankara, basi haihesabiwi. Mchumi mwema anajua kwamba hilo ni pengo la kipimo, na halimpunguzii mama thamani yake. Mizani ina kazi yake, nayo ni kupima pamba. Haimpimi mkulima.

Julius Nyerere wa Butiama aliliona jambo hili kwa namna yake. Aliwahi kuwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Asiporudi, alisema, ni msaliti. Fumbo hilo limewalea wasomi wengi wa Tanzania, na lina ukweli ambao hatupaswi kuukimbia: mtu hasomi kwa jasho lake peke yake. Lakini ukilibeba jinsi lilivyo linaweza kukuelemea. Linamfanya msomi aamini kwamba wokovu wa kijiji umo mkobani mwake, na kijiji kiamini kwamba kazi yake ni kungoja. Wakulima wa miaka ya 1950 hawakungoja. Walikuwa wameshaanza kuweka wapimaji wao kabla Bomani hajaenda Loughborough, na aliporudi alikuta kazi ikiendelea.

Safari ya Nyerere mwenyewe inafundisha unyenyekevu. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, aliingia Shule ya Mwisenge hapa Musoma. Kutoka hapo Tabora, kisha Makerere, na mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikosoma pamoja na mengine uchumi, historia na falsafa ya maadili, akahitimu mwaka 1952. Uskoti ni nchi ya Adam Smith, aliyeandika juu ya maadili mwaka 1759 kabla ya kuandika juu ya utajiri wa mataifa mwaka 1776, na ambaye alikuwa profesa wa falsafa ya maadili. Uchumi ulizaliwa katika nyumba hiyo, ingawa siku hizi wengi husoma chumba kimoja tu na kufunga mlango.

Nyerere alijua kusoma mizani ya dunia. Alieleza tena na tena jinsi nchi inayouza mkonge na pamba inavyolazimika kuuza tani nyingi zaidi mwaka hadi mwaka ili kununua trekta lilelile. Tanzania ya miaka ya 1960 ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka na kuongoza dunia, kisha nyuzi za plastiki zikaja na bei ikaporomoka. Alijua, lakini kujua hakukumpa uwezo wa kupanga bei. Alibishana hadharani na Shirika la Fedha la Kimataifa, akakataa masharti yake, na mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya yeye kung'atuka urais, nchi ikasaini nalo. Makosa ya sera zake za ndani nayo yalichangia. Hilo halihitaji kufichwa. Maisha yake yanatuonya kwamba anayesoma mizani hana mamlaka juu ya mawe ya kupimia. Anayeanza shahada hii akidhani atairekebisha dunia kwa miaka mitatu atavunjika moyo. Anayeianza akidhani kwa sababu hiyo hakuna la kufanya amekosea zaidi, maana wakulima wa pamba nao hawakupanga bei ya dunia, ila walikataa kupunjwa uzito. Kati ya yale usiyoyaweza na yale yasiyokuhusu kuna eneo kubwa, na ndilo eneo la kazi.

Hivyo wazee wakimuuliza kijana wa Kitaji atakuwa nani, anaweza kuwajibu bila kujikanyaga: nitakuwa mtu anayesoma mizani kwa sauti, ili mwenye mzigo asikie. Kazi hiyo inafanyika benki, inafanyika forodha, inafanyika katika chama cha ushirika kilichobakiwa na wanachama wachache, na inafanyika hata na aliyekosa ajira akafungua duka, kwa kuwa majirani zake wanasaini mikopo ya simu bila kujua riba yake kwa mwaka ni kiasi gani, naye anaweza kuwakokotolea kwa dakika tano.

Wewe unayeanza mwaka huu, chuo chochote ulichopangiwa, jifunze hesabu mpaka zikukubali, kwa sababu moyo mwema usiojua hesabu hauwezi kumkamata mwizi. Uliza masharti ya kila kanuni unayofundishwa. Usimdharau mhadhiri, na usimwamini kwa sababu tu ana cheo. Ukirudi likizo ya kwanza, tafuta mvuvi mmoja au mkulima mmoja, mkae, umweleze bei anayolipwa inatoka wapi na inapitia kwa nani, na ukubali akusahihishe pale anapojua kuliko wewe. Kisha mfundishe kukokotoa mwenyewe, ili mwakani asikuhitaji. Shahada ambayo haimwezeshi hata mtu mmoja kuhoji bei aliyopewa ni mali ya mwenye nayo peke yake, na kwa gharama iliyolipwa na wengi, hiyo ni hasara.